Tenga la Mwanamvua

"Muuza ishara naye ajitwike tenga." Ukiyasikia maneno haya mjini utadhani yametoka kwa wachuuzi wa sokoni. Yametoka mlimani, Uluguru, ndani ya ukungu. Chanzo chake ni hiki, kama Bibi Mwanahamisi alivyowasimulia wajukuu wake wawili jioni moja walipokuwa wakichambua maharage.

Aliyeyasema jioni hiyo alikuwa Mjomba Mloka. Alikuja kurudisha jembe, akamkuta mpwa wake Kibwana anamsubiri na ombi. Kuna mtu kwenye simu, Kibwana alimweleza, anauza ishara za biashara ya fedha za kigeni. Unalipa ada, anakuingiza kwenye kundi lake, na kila asubuhi anakuandikia: leo nunua hii, leo uza ile. Watu wanapata kweli. Mjomba akimsaidia nusu ya ada, nusu nyingine atauza mbuzi wake.

Mjomba aliegemeza jembe ukutani, akafikiri kidogo. "Muuza ishara naye ajitwike tenga," akasema. Akamuaga mama yake, Bibi, akaenda zake.

"Sasa hilo ndilo jibu?" Kibwana akalalamika. "Mimi nazungumzia simu, yeye ananiletea matenga."

"Wewe angalau umepewa tenga," alisema Hidaya, dada yake. "Mimi nilipomwomba viatu nilipewa dua."

Bibi alicheka mpaka ungo ukatikisika. "Methali mnaitupa kabla hamjaimenya," akasema. "Kaeni. Maharage yenyewe bado mengi."

Akaanza kusimulia, polepole, macho yakiwa kwenye ungo.

Zamani kijiji chetu kilikuwa juu kuliko hapa, kule ukungu unakolala. Ukifungua mlango alfajiri unaona mikono yako na kizingiti, basi. Dunia iliyobaki ni kama bado haijaumbwa. Jogoo anawika kutoka mahali usipopajua. Mtu anakohoa, hujui ni jirani au ni mbuzi. Halafu jua linapanda na mlima unarudi kipande kimoja kimoja: mgomba, paa, kisha jirani mwenyewe, anakuamkia kama mtu aliyezaliwa sasa hivi.

Watu walilima nyanya. Siku ya gulio waliteremka nazo mpaka Kibaoni, chini kabisa, ambako malori ya wanunuzi yalifika kutoka mjini. Nyanya ilibebwa kwa matenga, na tenga lililojaa ni zito, lazima mwenzako akusaidie kulipandisha kichwani. Kwa hiyo watu walishuka kwa makundi, na katika kila kundi alikuwepo mtwikaji. Huyo aliwatwika wenzake wote. Akibaki peke yake, aliliweka tenga lake juu ya jiwe, akachutama chini yake, akajitwika mwenyewe. Ndipo safari inaanza. Na mkifika gulioni, yeye ndiye aliyetuliwa wa kwanza, kisha akawatua wengine.

Palikuwa na mwiko hapo. Mtu hakumtwika mwenzake halafu yeye akarudi jikoni kuota moto. Ilikuwa aibu kubwa. Wazee walisema shingo ya uliyemtwika itakuja kuuma kwako.

Bei ya nyanya ilikuwa kama ukungu wenyewe, leo ipo, kesho imeyeyuka. Maana ng'ambo ya mto walikuwepo wakulima wengine, nao walileta nyanya zao Kibaoni. Wakija, nyanya zinajaa, wanunuzi wanachagua kwa ncha ya kiatu. Wasipokuja, wanunuzi wanakimbilia matenga yetu yangali kichwani. Na kitu cha kuwazuia ng'ambo kilikuwa kimoja tu: mto kujaa. Mto ulijazwa na mvua inayonyesha nyuma ya kilele, upande ambao sisi hatuuoni.

Hapo ndipo anapoingia Mwanamvua.

Alikuwa msichana wa nyumba ya mwisho, ile iliyopakana na msitu. Alikuwa na macho ya mtu aliyeamshwa katikati ya ndoto. Ukimwita mara moja, anakuangalia. Ukimwita tena, anarudi. Jioni ya kuamkia gulio alikaa kizingitini akiutazama ukungu wa kileleni. Ukungu ukipanda, alisema hakuna kitu. Lakini kuna jioni ukungu ulimwagika juu ya ukingo wa mlima, taratibu, kama maziwa yanapofurika sufuriani, ukaja na harufu ya udongo uliolowa wakati kwetu udongo ni mkavu. Mwanamvua alisema: "Ukungu unaota mvua." Basi ujue nyuma ya kilele inanyesha, kesho mto utajaa, na ng'ambo hawatavuka.

"Na ilikuwa kweli?" aliuliza Kibwana.

"Kweli kabisa. Na ulishike hilo, maana najua ulikuwa unasubiri niseme alikuwa tapeli. Ishara yake ilikuwa ya kweli mwanzo hadi mwisho."

Mwanzoni aliitumia mwenyewe, pamoja na mwenzake mmoja, Sikudhani. Hawa walikuwa majirani, wanachota maji pamoja, wanacheka pamoja vitu ambavyo mtu mwingine haoni vinachekesha. Ukungu ukiota, Mwanamvua alimtwika Sikudhani, akajitwika mwenyewe kutoka kwenye jiwe, wakateremka. Wakirudi, matenga ni matupu, ndani mna chumvi na sabuni, na wao wanaimba.

Sikudhani alikuwa na jambo lake. Alikuwa na binti mdogo, aliyekuwa bado hajui hata kutamka jina lake vizuri, na binti huyo hakuwa naye. Nyumba ya Sikudhani ilikuwa ya nyasi, inavuja, na kipupwe cha mlimani kilimwingia mtoto kifuani mpaka akawa anapumua kama filimbi. Akampeleka kwa mama yake kule chini, kwenye joto. "Siku nitakapoezeka bati nitamfuata," alisema. Kila alipopalilia nyanya zake alikuwa anapalilia bati. Jioni alilala na kanga ya mtoto chini ya shavu. Alitaka msimu ule usiishe kabla hajapata paa, ili kipupwe kikirudi kimkute binti yake nyumbani, mahali pakavu.

Sasa, siri ya watu wawili wanaorudi wakiimba haikai. Jirani mmoja alikuja kwa Mwanamvua na mayai kwenye kikapu. "Mwanangu, na mimi nishike mkono. Ukungu ukiota, niambie." Mwanamvua akamwambia. Mzee yule akauza vizuri, akashukuru. Akaja mwingine na unga. Akaja mwingine na kuku.

Hakuna aliyeona ubaya, na mimi pia sioni ubaya hapo. Fundi hulipwa, mkunga hulipwa. Mtu akijua kitu, akala kutokana nacho, ni halali yake.

Lakini ikafika mahali vilivyoingia kwa mlango vikazidi vilivyotoka shambani. Mwanamvua akaliacha jembe. Magugu yakapanda juu ya nyanya zake mpaka ukipita huoni kama palikuwa na shamba. Jioni ya kuamkia gulio alijifunga kanga safi, akakaa kizingitini, na watu wakaja mmoja mmoja, kila mtu na kitu chake chini ya nguo. Akawanong'oneza sikioni. "Kesho shuka." Au, "Kesho lala." Kila mtu alinong'onezwa peke yake, na kila mtu alirudi kwake gizani akidhani yuko peke yake.

"Na Sikudhani je?" Hidaya aliuliza. "Naye alilipa?"

Naye alilipa. Hakutaka kuja mikono mitupu wakati watu baki wanaleta. Alikuwa na tetea mmoja mwekundu, akampeleka. Mwanamvua alimtazama yule kuku, akamtazama mwenzake. Kisha akampokea.

Taratibu watu wakaacha kushuka siku za kawaida. Ya nini kujichosha? Wakavuna, wakafunika nyanya kwa majani ya migomba kwenye kivuli, wakasubiri ishara. Gulio likapita, na jingine likapita, ukungu unapanda tu. Kijiji kizima kilikuwa kinanukia nyanya. Watu walilala humo, wakaota humo.

Halafu jioni moja, kipupwe kikiwa kinakaribia, ukungu ukamwagika. Walioona wanasema haukuwahi kumwagika vile. Ulishuka mweupe, mzito, ukaingia milangoni, na harufu ya mvua ukidhani utainywa. Mwanamvua alinong'ona jioni ile mpaka sauti ikakauka.

Alfajiri, Sikudhani alijaza tenga. Hakuwa na mtwikaji, maana siri haina kundi. Akaliweka juu ya jiwe, akachutama, akajitwika, akaanza kuteremka ndani ya weupe ule akihesabu bati kichwani.

Njia panda akasikia hatua.

"Nani huyo?" akauliza.

"Mimi," sauti ikajibu. Ni mzee wa mayai.

"Unakwenda wapi, baba?"

"Ah, najinyoosha miguu tu. Na wewe?"

"Mimi namtafuta mbuzi."

Wakaendelea, kila mtu na tenga lake kichwani, mmoja ananyoosha miguu, mwingine anatafuta mbuzi. Mbele wakasikia mtu anapiga chafya. Nyuma wakasikia wawili wanajibizana: "Shikamoo, mbona mapema?" "Marahaba, naenda kwa mgonjwa." Ukungu wote ulikuwa umejaa watu wanaokwenda kwa wagonjwa.

Kibwana alicheka, Hidaya akamrushia ganda la haragwe. Bibi alisubiri wanyamaze.

Kisha jua likapanda. Ukungu ukanyanyuka kama mtu anayevua shuka, na mlima ukarudi kipande kimoja kimoja. Mgomba. Jiwe. Kona ya njia. Na juu ya njia, kuanzia msituni hadi bondeni, tenga nyuma ya tenga nyuma ya tenga, mstari mwekundu umeuzunguka mlima kama ushanga kiunoni. Watu wakasimama. Kilikuwa kitu kizuri kukitazama, wanasema, na hapo hapo kila mtu akajua hakunong'onezwa peke yake.

Kurudi hawakuweza, nyanya zilikuwa zimeshaiva za kuliwa siku ile. Wakateremka.

Kibaoni, mto ulikuwa umejaa. Unanguruma, umebeba magogo, na ng'ambo hakuvuka hata mmoja. Ishara ilikuwa kweli. Mnunuzi mmoja alikuwa amekaa kwenye ngazi ya lori lake anakula muhogo wa kuchoma. Akatazama mstari ule ukiingia gulioni, akaacha kutafuna.

"Jamani, mlima umehama?" akauliza. "Huko juu kumebaki nani?"

Akawaita wenzake. Wakakaa kwenye vivuli vya malori, wakangoja. Hawakuwa na sababu ya kukimbia. Kufika adhuhuri bei ilikuwa imeshuka mpaka mtu unaona haya kuitaja, na bado matenga mengi hayakuguswa.

Sikudhani alisimama katikati ya gulio, tenga kichwani. Alitaka kulitua, akageuka huku na huku, kama mtu alivyozoea, kumtafuta aliyemtwika. Hakuna. Akaona wenzake wote wamesimama vilevile, shingo zimekaza, wanageuka huku na huku. Hakuna aliyekuja na mtwikaji. Baadaye alisema pale ndipo alipoelewa, shingo ndiyo iliyomwambia: mtu aliyewatwika wote wale alikuwepo, ila alikuwa nyumbani anaota moto.

Nyanya zake alizimwaga mtoni. Wengi walimwaga hapo. Maji yalizibeba zikizungukazunguka, nyekundu, kuelekea kule chini alikokuwa mtoto wake.

Alipopanda hakupita kwake. Alikwenda moja kwa moja mpaka nyumba ya mwisho na tenga lake tupu. Watu wengine walikuwa wameshafika, wamesimama uani, hakuna anayejua aanze vipi. Mwanamvua alikuwa kizingitini.

"Mto ulijaa?" aliuliza, kwa sauti iliyokauka.

"Ulijaa," Sikudhani akajibu.

"Ng'ambo walivuka?"

"Hawakuvuka."

"Basi sikuwadanganya."

"Hukutudanganya, mwenzangu. Nina swali moja tu, halafu nitaondoka. Ishara nzuri namna hii, mbona wewe hukushuka?"

"Sikuwa na nyanya."

"Mbona hukulima?"

Mwanamvua akatazama upande wa shamba lake, kwenye magugu.

"Ulijua tuko wangapi?" Sikudhani akauliza.

Yule tetea mwekundu alikuwa anaparua uani, vifaranga nyuma yake.

"Nilijua," Mwanamvua akasema. "Jana, ndani kulipojaa vitu vyenu, nilijua. Moyo uliniambia, nyanya zote hizi zikishuka pamoja bei itakufa. Lakini kila aliyekuja alikuja na kitu. Nikasema, labda mvua itakuwa kubwa, labda malori yatakuwa mengi. Asubuhi ukungu ulipofunguka nikawaona mlimani. Nikaingia ndani, nikafunga mlango."

"Ungekuwa na tenga lako kwenye ule mstari," Sikudhani alisema, "ungetuambia jana ileile. Ungesema, wewe shuka, wewe ngoja gulio lijalo. Usingeacha nyanya zako zioze kwa ajili ya mayai. Lakini mayai yalikuwa yako na nyanya zilikuwa zetu. Umetutwika mlima mzima, Mwanamvua, ukabaki nyumbani."

Hakupandisha sauti. Wanasema ingekuwa afadhali angepandisha.

Mzee wa mayai ndiye aliyesema mwisho, anaisugua shingo yake. "Sisi hatutamkataza mtu kuuza anachokijua. Ila kuanzia leo, muuza ishara naye ajitwike tenga."

Watu wakaondoka. Kesho yake alfajiri Sikudhani alikuta kitu mlangoni kabla hata hajawasha moto: tetea mwekundu, na vifaranga vyake vyote kwenye kikapu.

Kipupwe kile mtoto hakupanda. Sikudhani alikimaliza peke yake chini ya nyasi zinazovuja, kanga chini ya shavu. Siwezi kuwapambia hapo, ilikuwa hivyo.

Lakini ukungu ulipoanza kuwa mwepesi, asubuhi moja akasikia jembe upande wa nyumba ya mwisho. Mwanamvua alikuwa anang'oa magugu. Siku nyingine akaja na miche, akaiacha mlangoni bila neno. Siku nyingine wakakutana kisimani, na Mwanamvua akasema kitu, hata sijui nini, na Sikudhani akacheka kabla hajakumbuka kwamba amekasirika.

Msimu ule wa pili mambo yalikuwa hivi. Jioni ya ishara watu walikusanyika uani wote, kabla giza halijaingia, wanaonana nyuso. Mwanamvua alisema ukungu unasemaje, na akasema hadharani nani ameshauliza. Wakapangiana zamu, hawa gulio hili, wale gulio lile. Walimpa mayai yake, walimpa unga wake, hakuna aliyemnyima. Na alfajiri yeye ndiye aliyekuwa mtwikaji. Aliwatwika wa zamu ile wote, kisha akaliweka tenga lake juu ya jiwe, akachutama, akajitwika, akashuka nao. Kulikuwa na siku ukungu ulikosea, au yeye aliusoma vibaya. Siku hizo alirudi na hasara sawa na wenzake, na hakuna aliyemnyooshea kidole, maana nyanya zake zilikuwa zimemwagwa pamoja na zao.

Bibi alichukua haragwe moja, akalitazama, akalitupa kando.

"Sikudhani alipata bati?" Hidaya aliuliza kwa sauti ndogo.

"Alipata. Siku ilipoezekwa, waliteremka wote wawili kumfuata mtoto. Lakini Sikudhani alikuwa amebeba mzigo wa nguo na sufuria, na njia ni ndefu, na mtoto miguu yake ni midogo. Mwanamvua akasema, mlete. Akatandika kanga ndani ya tenga lake lililokuwa tupu, akamkalisha mtoto humo, akaliweka juu ya jiwe, akachutama, akajitwika. Akapanda naye mlima mzima bila kumtua."

Aliinua macho kutoka kwenye ungo.

"Nakumbuka harufu ya nyanya," alisema. "Kitu kingine sikumbuki. Harufu ya nyanya, na ukungu unanipita usoni kama mkono, na chini yangu mtu anahema na kuimba. Nilidhani ndiyo dunia inavyotembea. Mama yangu Sikudhani alikuwa mbele, kila mara anageuka kunitazama."

Nje, juu ya bonde, ukungu wa jioni ulikuwa umeanza kukusanyika.

Kibwana akachukua simu yake. Akaandika, akafuta, akaandika tena.

"Umemwandikia nini?" Hidaya akamsogelea.

"Nimemuuliza tuko wangapi kwenye kundi. Na kama akituambia tununue, yeye mwenyewe naye amenunua, na anionyeshe."

Walikaa. Simu ikatoa mlio.

"Ametuma picha," Kibwana akasema. "Amesimama kwenye gari."

"Hilo si tenga," alisema Hidaya.

Kibwana akaandika tena, neno moja moja. Safari hii mlio ulichelewa. Ulipokuja, alisoma, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akaiweka simu kifudifudi kando ya ungo.

"Amenitoa kundini."

"Basi mbuzi amepona," Bibi akasema. "Kesho mpelekee mjomba wako sehemu ya haya maharage, na umwamkie vizuri. Alikujibu tangu mwanzo."

Kibwana akasogea karibu na ungo, akaanza kuchambua. Baada ya kitambo akayasema mwenyewe, taratibu, kama mtu anayeonja kitu kabla ya kukimeza:

"Muuza ishara naye ajitwike tenga."